Nani Alimfuata Nani? Historia ya Mwendo wa Magari Kijijini Kwetu



Kila mwaka kijitabu hiki hutenga kurasa chache za kukumbushana tulikotoka, kabla hatujaanza kuombana michango. Mwaka huu tunaandika habari za kitu ambacho kila mmoja wetu amekulia pembeni yake: barabara kuu inayokikata kijiji chetu katikati, na mwendo wa magari yanayoipita.

Tunaiandika kama historia kwa sababu yapo maneno mawili tuliyoyasikia mno. La kwanza huambiwa na wageni, hasa tunapodai haki yetu: "Ninyi ndio mliifuata barabara." La pili tunalisema wenyewe kila tunapotoka makaburini: "Ajali haina kinga." Yote mawili yametufanya tunyamaze mahali ambapo hatukupaswa kunyamaza. Tuyapime kwa historia.

Barabara kabla ya lami

Wazee wetu waliishi kwa kutawanyika. Mji mmoja ulikuwa juu ya kilima, mwingine ng'ambo ya kijito, na mashamba na malisho yalikuwa katikati. Mahame yao bado tunayajua. Anayekwenda kukata kuni hupita kwenye mahame ya babu ya fulani na kumtaja kwa jina.

Barabara ilikuwapo, lakini ilikuwa mbali na nyumba za watu. Ilikuwa ya vumbi, sehemu ya ile njia ndefu ambayo Waingereza waliiita Great North Road, iliyoshuka kutoka Nairobi kupitia Arusha, Dodoma na Iringa hadi Mbeya na Tunduma. Gari lilipokuja lilitanguliwa na mlio, kisha vumbi, na mtoto aliyekuwa njiani alikuwa na muda wa kuliangalia, kulishangaa na kulipisha. Mwendo ulipunguzwa na mashimo, kona na tope la masika. Hakuna aliyehitaji bango.

Mambo yalibadilika kwa sababu zilizoanzia mbali na sisi. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru wake. Zambia ilikuwa ikipitisha shaba yake na kupata mafuta yake kupitia huko kusini. Sasa ilibidi igeukie Dar es Salaam. Malori yakaanza kupeleka mafuta na kurudi na shaba juu ya barabara ile ile ya vumbi, na ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba njia hiyo ilijulikana kwa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Lami nayo ikaja, na mapema miaka ya 1970 barabara ya Tanzam, yenye zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, ilikuwa imekamilika. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilipita mbali na kwetu na kukutana na barabara kule Makambako. Sisi tulibaki na malori.

Amri ya kuhamia

Miaka hiyo hiyo ndipo kijiji chetu kilipozaliwa hapa kilipo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho wa kazi hiyo uliwekwa kuwa mwaka 1976. Operesheni ikaanza. Sehemu nyingi za nchi, maeneo ya vijiji vipya yalichaguliwa kando ya barabara, ili lori la mbegu lifike, bwana shamba afike, na huduma ziwe karibu.

Kwetu haikuwa tofauti. Waliokuwa watoto wakati huo wanasimulia jinsi baba zao walivyong'oa milango na nguzo za nyumba na kuzibeba mabegani, na jinsi viwanja vilivyopimwa kwa kamba, safu moja upande huu wa lami na safu nyingine upande ule. Shule ikajengwa upande mmoja. Kisima kikachimbwa upande wa pili. Tangu siku ile hapajakuwa na mtoto wa kwetu aliyeweza kusoma na kunywa maji bila kuvuka Tanzam.

Hatuyasemi haya kwa kuidharau nia ya wakati ule. Shule ile ndiyo iliyotufundisha kuandika maneno haya. Lakini jambo moja liwekwe wazi: watu wetu hawakuifuata barabara kwa kutamani kuuza mahindi ya kuchoma. Waliletwa hapo.

Neno hili "kufuata" lina uzito wake, kama wengi wenu mnavyojua. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami. Nyumba zikapigwa alama za X: nyekundu kwa aliyehesabiwa kuwa ameifuata barabara, kijani kwa aliyefuatwa nayo. Mzee aliyepimiwa kiwanja kwa kamba wakati wa operesheni alisimama mbele ya ukuta wake akiitazama rangi, asijue amjibu nini mjukuu aliyemuuliza maana yake.

Bango la 50

Mwaka ule ule wa 1973, Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo tunayoitumia hadi leo. Sheria hiyo inasema kwamba katika maeneo ya makazi gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi, mabasi ya abiria na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi 80.

Bango letu la 50, lile la duara lenye ukingo mwekundu, liliwekwa kila upande wa kuingilia kijijini. Tulilifurahia. Lakini bango haliwezi kumshika mtu. Dereva alilitii siku aliyomwona askari ameshika tochi chini ya mti, na hata siku hiyo wenzake waliokuwa wakitoka upande wa pili walikuwa wamekwisha kumpigia taa. Tochi ikiondoka, mwendo unarudi. Barabara ilipofanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 2010, lami ikawa laini na pana kuliko ilivyowahi kuwa, na mwendo nao ukapanda. Lami nzuri iliyonyooka humwambia dereva akimbie, hata kama bango linamwambia apunguze.

Tufanye hesabu ndogo, ile ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukimbia mita 22 katika sekunde moja. Likienda 50, hukimbia mita 14. Likienda 30, mita 8 tu. Lami ya kwetu ina upana wa kama mita 7, na mtoto mdogo aliyebeba ndoo huhitaji kama sekunde saba kuivuka. Katika sekunde hizo saba, lori la mwendo wa 80 linakuwa limekimbia zaidi ya mita 150. Mtoto alipoanza kuvuka, lori hilo lilikuwa bado nyuma ya kona ya mikaratusi. Alitazama kulia na kushoto kama alivyofundishwa, na hakuona kitu. Lingekuja kwa mwendo wa 30, lingekuwa limekimbia mita 60 tu, naye angekuwa amelifikia jani la upande wa pili.

Na likimgonga, nguvu ya kugonga haipandi sawasawa na mwendo. Ukiuzidisha mwendo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kati ya 30 na 80 nguvu huongezeka mara saba. Ndiyo sababu mtu aliyegongwa kwa 30 mara nyingi hupelekwa hospitali, na aliyegongwa kwa 80 hupelekwa nyumbani kwao kuzikwa.

Usiku tulipojenga tuta

Hapa tunafika kwenye sehemu ya historia ambayo hatujawahi kuiandika.

Ndugu zetu wengi walio mbali mnakumbuka ajali ya Changarawe, Mafinga, ya Machi 11, 2015, ambapo basi na lori la kontena viligongana na watu zaidi ya 40 wakafariki. Nchi nzima ililia pamoja nasi. Lakini waliofia kijijini kwetu hawakufa pamoja. Walikufa mmoja mmoja: mwanafunzi asubuhi ya ukungu, mama mwenye tenga la nyanya, mzee aliyetoka kilabuni msimu wa ulanzi. Hakuna redio iliyowataja. Hatutaandika majina yao hapa; familia zinajua, na sisi tuliochimba makaburi tunajua.

Baada ya msiba mmoja wa mtoto wa shule, vijana waliifunga barabara kwa magogo na mawe. Foleni ya malori ilionekana hadi juu ya kilima. Viongozi walikuja, wakaahidi matuta, barabara ikafunguliwa. Majuma yakapita. Ndipo usiku mmoja baadhi yetu, na tunasema "yetu" kwa kukusudia, tulibeba udongo na mawe tukajenga tuta letu wenyewe. Halikuwa na rangi, halikuwa na bango, halikuwa na taa. Tulilala tukiwa na furaha.

Siku chache baadaye kijana wetu wa bodaboda, akirudi usiku kutoka kumpeleka mgonjwa, alilipanda tuta lile bila kuliona. Alizikwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Tangu hapo wengi wetu tulikaa kimya kuhusu habari za mwendo, maana kila aliyetaka kusema alikumbuka udongo aliobeba mwenyewe.

Barabara kuu ni mali ya taifa na inasimamiwa na TANROADS. Mwanakijiji haruhusiwi kuijenga wala kuibomoa, na sasa tunaielewa maana ya sheria hiyo. Tuta ni kazi ya kitaalamu: lina kimo chake, upana wake, rangi yake, na bango linalomwonya dereva mapema. Tuta lisilo na alama ni mtego. Hatimaye matuta ya kitaalamu yalikuja, yakiwa na mistari myeupe na kivuko cha pundamilia mbele ya shule. Malori yalianza kunyanyuka na kushuka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu operesheni tulisikia sauti za watoto upande wa pili wa barabara.

Lakini tuta halikumaliza kazi. Palipo na gari linalopunguza mwendo, pana biashara. Meza za nyanya na mahindi zilihamia hadi ukingoni mwa lami, na watoto wakaanza kukimbilia madirisha ya mabasi. Dereva naye, akishavuka tuta la kwanza, anakanyaga mafuta ili kufidia hadi tuta la pili. Tuliondoa hatari moja na kuikaribisha ndugu yake.

Wenzetu walivyofanya

Haya hayakutupata sisi peke yetu. Katika mji wa Delft, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazi waliochoshwa na magari walichimbua matofali ya mtaa wao ili magari yalazimike kwenda kwa kuzungukazunguka. Walifanya kwa hasira, kama sisi. Tofauti ni kwamba serikali yao iliuona mtindo huo, ikautengeneza vizuri, na mwaka 1976 ikauingiza katika sheria. Mitaa ya aina hiyo, ambamo gari ni mgeni na mtembea kwa miguu ndiye mwenye nyumba, ikaenea Ulaya.

Karibu zaidi na hali yetu ni Ghana. Katika njiapanda ya Suhum, kwenye barabara kuu ya kutoka Accra kwenda Kumasi, palikuwa na ajali nyingi kama za kwetu. Waliweka vituta vidogo vidogo vilivyopangwa kwa mistari, vinavyotikisa matairi na kumwamsha dereva. Kati ya Januari 2000 na Aprili 2001, ajali pale zilipungua kwa takriban asilimia 35, na vifo kwa takriban asilimia 55. Barabara ilibaki kuwa barabara kuu, na malori yaliendelea kufika Kumasi.

Na hapa hapa nchini, Dar es Salaam, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend umekuwa ukizunguka shule ambazo watoto wake hugongwa, na kuweka vitu vya kawaida kabisa: njia ya miguu, tuta, kivuko, bango, na geti linalohamishwa ili mtoto asitokee moja kwa moja barabarani. Mwaka 2019 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya WRI Ross Center kwa miji, ikiwa ni mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Februari 2020 mataifa yaliyokutana Stockholm yalikubaliana kwamba mahali ambapo magari na watembea kwa miguu wanachanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa.

Nasi tunao mfano wetu njiani. Kila anayetoka Dar es Salaam kuja nyumbani hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Pale kuna matuta, kuna mabango ya kupunguza mwendo, na kuna faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Dereva yule yule anayepita kwetu kama mshale, pale Mikumi hupunguza kwa ajili ya swala. Hatumwonei swala wivu. Tunasema tu kwamba taifa letu linajua namna ya kupunguza mwendo wa magari pale linapoamua.

Tunachoomba mwaka huu

Kwa hiyo "ajali haina kinga" tuliache kwa radi na nyoka. Ajali ya mwendo ina kinga, imejaribiwa, na gharama yake inajulikana.

Mengine si kazi ya mchango. Uongozi wa chama, pamoja na serikali ya kijiji, utapeleka maombi TANROADS kwa maandishi: bango la 30 eneo la shule na soko, vituta vya kutikisa matairi kabla ya tuta la kwanza kila upande, na rangi ya kivuko irudiwe kabla haijafutika. Hatutafunga barabara, na hatutabeba udongo usiku.

Mchango wenu unaombwa kwa yale tunayoweza kuyafanya wenyewe, nje ya hifadhi ya barabara. La kwanza ni njia ya miguu kutoka kivukoni hadi shuleni, ili watoto wasitembee ukingoni mwa lami. La pili ni vibanda vya soko, vilivyorudishwa nyuma kwenye uwanja wa kijiji, ili mama auze nyanya zake bila kulipa mgongo lami. La tatu ni vikoti vya kung'aa na vibao vya mkononi kwa wazazi watakaokubali kuwavusha watoto asubuhi na mchana. La nne ni kisima cha pili, upande wa shule. Hilo la nne limechelewa tangu siku ya kamba.

Kila atakayechangia atapewa risiti, na taarifa ya matumizi itasomwa kwenye mkutano wa Desemba.

Lipo ombi la mwisho ambalo halihitaji fedha. Desemba wengi wetu tutakuja nyumbani na magari yetu. Tutapita Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, tutapanda Kitonga, tutapita Ilula penye nyanya, Tanangozi na Ifunda. Kwa watu wa huko, sisi ndio wale wapitaji. Nao waliletwa kando ya lami, nao wana shule upande mmoja na maji upande mwingine. Tukiwapita kwa mia na ishirini halafu tukafika kwetu na kudai matuta, tutakuwa tumeomba kwa wengine tusichowapa wengine.

Basi tuanze sisi. Tukiona bango la 50 lenye kijiji nyuma yake, tupunguze, hata kama hakuna tochi chini ya mti. Tutachelewa dakika chache, na nyumbani tutawakuta bado wanatusubiri.

Karibuni, tuchangie.